Tuuze Kinu au Tuuze Hisa?

Jumanne. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, na hapa Kabazi matope yamefika hadi kizingitini. Nimerudi kutoka Nakuru mjini nikiwa na viatu vichafu na moyo usiotulia.

Tulikwenda kwa mhasibu kuhusu kinu cha unga. Nilikianzisha na marehemu ndugu yangu Kamau nilipokuwa bado mwalimu, tukakisajili kama kampuni: nusu yangu, nusu yake. Nusu yake sasa ni ya mjane wake, Wairimu. Mimi nimezeeka, yeye magoti yanamsumbua, na watoto wetu hawataki vumbi la mahindi. Amepatikana mnunuzi, mfanyabiashara wa Gilgil.

Nilidhani kuuza ni kuuza. Mhasibu wetu Chebet, ambaye nilimfundisha darasa la sita, alinionyesha kwamba njia ni mbili.

Ya kwanza ni kuuza mali: mashine, jengo na kiwanja. Hapo muuzaji ni kampuni, si sisi. Kampuni hulipa ushuru kwa faida ya kiwanja, ambacho tulikinunua wakati hakuna aliyekitaka. Hulipa pia kwa mashine, kwa sababu kila mwaka tulipunguziwa ushuru kwa ajili ya uchakavu wake, hata thamani yake vitabuni imekaribia kwisha. Bei inayozidi thamani hiyo huhesabiwa kuwa mapato. Kisha fedha hubaki ndani ya kampuni. Tukizitoa kama gawio ili zitufikie mkononi, hukatwa tena.

Ya pili ni kuuza hisa. Hapo wauzaji ni mimi na Wairimu, nasi hulipa mara moja tu, kwa faida tuliyoipata. Kinu hakihami. Hubadilika wenyewe.

Mnunuzi anaipenda ile ya kwanza. "Mzee, mimi nanunua mashine zenye naona," aliniambia kwa simu wiki jana. "Hiyo kampuni yenu sijui imekula nini."

Nilikasirika, ingawa alikuwa na haki. Akinunua mashine, ataanza upya kuhesabu uchakavu kwa bei aliyolipa. Akinunua hisa, atarithi hesabu zetu za zamani pamoja na kila deni la ushuru lililojificha humo. Ili akubali hisa, anataka tutie sahihi hati ya kuapa kwamba deni kama hilo halipo, na kwamba likitokea tutalilipa sisi.

Nilikuwa tayari kutia sahihi leo.

Wairimu alikataa. Hakuikataa hati, alikataa kuuza hisa.

Wasomaji wa mbali wavumilie nieleze. Huku kwetu wazee wengi walipata ardhi kwa kuchanga fedha na kununua shamba la mzungu kupitia kampuni, na cheti cha hisa ndicho kilichompa mtu ekari zake. Baba yake Wairimu aliuza cheti chake alipokuwa mgonjwa, akidhani anauza karatasi na kubaki na shamba. Siku ya kugawa, jina lake halikusomwa. Wairimu alikulia katika chumba cha kupanga, mtaani Kaptembwo, Nakuru mjini.

"Mwalimu, uza mashine, uza hata mabati," aliniambia mbele ya Chebet. "Hisa siuzi. Hiyo stori naijua mwisho wake."

Nilimsahihisha kama mwanafunzi. Nilimweleza kwamba hisa hizi ni za kinu, na kwamba shamba aliloachiwa na Kamau lina hati yake kando. Chebet aliyarudia maneno yangu polepole, tena kwa Kikuyu chake cha kubabaisha.

"Wewe, hicho Kikuyu ulikiokota soko gani?" Wairimu akamuuliza, nasi sote tukacheka. Akanywa chai yake. Nikadhani tumemaliza.

Kisha akasema, "Huyu wa Gilgil akinunua kampuni, ananunua pia ile kodi ya vyumba vya mbele?"

Chebet aliweka kalamu chini, akanitazama.

Vyumba hivyo viwili, kimoja cha fundi cherehani na kingine cha muuza dawa za mifugo, tumevipangisha kwa miaka mingi. Kamau alipokea kodi mkononi, ikaenda kwa matibabu ya mama yetu. Yalikuwa mapato ya kampuni. Hayakuandikwa hata mara moja, na kila mwaka nilitia sahihi fomu ya ushuru nikijua. Mama alifariki, Kamau akafariki, nami nikaendelea kuipokea kodi ile na kunyamaza.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nataka kuuza hisa kwa sababu ushuru hukatwa mara moja. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Tukiuza mali, kampuni tupu itabaki mikononi mwangu, itanibidi niifunge, na mtu anaweza kutaka kuvisoma vitabu vyake kwanza. Tukiuza hisa, vitabu vinaondoka na mwingine.

Nilitaka viondoke. Nilikuwa tayari kuapa ili viondoke.

Chebet alisema tunaweza kuyatangaza mapato hayo wenyewe kabla hatujaulizwa. Riba itakuwepo, na huenda faini pia, lakini ni afadhali kuliko kushikwa. Baada ya hapo ndipo tuchague njia ya kuuza. Nilikubali. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia.

Tulipokuwa tukishuka ngazi, nilimuuliza Wairimu kwa nini hakulisema jambo hilo miaka hii yote.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," alijibu akiwa ameshika ukuta. "Si wewe ndiye mkubwa?"

Bei itashuka. Huenda mnunuzi akajiondoa kabisa, na sehemu ya Wairimu, aliyoitegemea kwa matibabu ya magoti yake, ikaondoka naye kwa kosa ambalo si lake. Hilo ndilo linaloninyima utulivu, si riba.

Asubuhi nitampigia yule wa Gilgil na kumwambia kuhusu vyumba vya mbele kabla hajaitaja hati. Naomba tu asikate simu kabla sijamaliza.