Migomba ya Timu ya Bugarama

Mjukuu wangu Yakobo,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu, na yule ndama tuliyemwombea amesimama, Mungu ni mwema. Unauliza kama ukubali klabu ikukate sehemu ya mshahara iwe akiba ya uzeeni.

Katika kijiji chetu cha ujamaa hapa Bugarama, kila mchezaji alipanda mgomba baada ya mechi. Nililalamika, "Kapteni, sisi ni timu au wakulima?" Akacheka: "Miguu huzeeka kabla ya tumbo, bwana mdogo."

Kisha vikaja vita. Nilirudi na goti lisilokimbia tena, nikakuta wenzangu wameipalilia migomba yangu, imezaa. Hadi leo tunakula. Upepo ukipita kwenye majani yake, nafumba macho, nasikia makofi ya uwanjani.

Babu yako, Petro