Malkia Ndani ya Kiberiti

Jumamosi, Buruburu. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna. Sasa ni saa kumi na moja jioni.

Leo nimeugawa mzinga.

Ilinipasa kuugawa wiki iliyopita, nilipoona nyuki wamejenga vyumba vya malkia, vile vinavyoning'inia kama karanga ukingoni mwa sega. Walikuwa wanajiandaa kuhama, na nusu ya kundi ingeenda kutua dirishani kwa mtu. Niliogopa, nikaahirisha. Leo walikuwa wamefurika hadi nje, wameshikana kama ndevu.

Mume wangu, Baba Wanjiru, yuko kazini Industrial Area, kwa hiyo nilivaa ovaroli lake nikaanza peke yangu. Kuieleza kazi yenyewe si vigumu: unamtafuta malkia mkongwe, unamhamishia mzinga mpya pamoja na masega kadhaa na nyuki wake, halafu wanaobaki wanajilelea malkia mwingine. Nilimpata kwenye sega la tano. Nikamtia ndani ya kiberiti kitupu asije akapondeka.

Hapo moshi niliowafukizia nyuki watulie ukazimika.

Waliinuka wote kwa pamoja. Nikamsikia jirani yangu, Mama Zuhura, akipiga mayowe upande wa pili wa ua. Alikuwa nje akimwogesha mtoto kwenye karai. Mtoto ana miezi minne, naye nilimsikia akilia.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu mwingine. Sikukimbia. Nilikifungua kiberiti, nikamteremsha malkia polepole kati ya masega ya mzinga mpya, nikangoja mpaka nikaona ameingia, nikaifunika mizinga yote miwili. Ndipo nikaenda kwa Mama Zuhura. Sijui kama ilikuwa dakika moja au tatu.

Nilimkuta ameshajifungia ndani. Alikuwa amemfunika mtoto kwa leso iliyolowa na kumwinamia. Yeye mwenyewe ameumwa uso na shingo, jicho moja limeziba. Nilimgeuza mtoto mwili mzima nikakuta mwiba mmoja tu, nyuma ya sikio. Nikaukwangua kwa ukucha. Tukaketi tukimsikiliza anavyopumua, mpaka aliponyonya akalala.

"Asante kwa kuja mbio, Mama Wanjiru," akaniambia.

"Si neno," nikamjibu.

Nikarudi nyumbani na shukrani zake.

Siku chache zijazo lazima nifungue tena, nione kama malkia anataga. Nitamwomba Mama Zuhura ashinde kwa dada yake Eastleigh siku hiyo, naye atakubali, kwa sababu ananiamini. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nyuki wananitisha, lakini nimewazoea. Sikujua kwamba mtoto wa mtu anaweza kulia nami nikaendelea kushughulika na kiberiti.

Kesho kabla ya kanisa nitabisha mlangoni kwake nimweleze kilichonichelewesha. Nimeshayapanga maneno mara tatu, na kila mara ninafika pale anapofungua mlango, amempakata mtoto, kisha ninaanza tena mwanzo.