Ng'ombe wa Kwenye Tovuti

Boito, Jumanne

Naogopa, hata chai imenishinda. Chebet wangu, msichana mwerevu kushinda wote hapa, alinionyesha programu mbili za kutengeneza tovuti ya kuuza mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu. Nikachagua ile iliyokuja na picha ya ng'ombe wengi wanono.

"Mama, hiyo ni ya mfano tu, tuweke yetu."

"Wacha hao wakae hapo, wanapendeza!"

Leo mwenye hoteli Kericho amepiga simu. Anataka maziwa yangu kila wiki, lakini kesho anakuja kwanza kuona hao ng'ombe.

Mimi niko na wawili, na mmoja amekauka, hatoi maziwa.

Akiniita mwongo mbele ya mtoto wangu...

Nitampigia asubuhi kabla hajatoka. Nitamwambia hao si wangu. Halafu nitamwomba aje tu, aonje.