Fimbo Mbili Ukingoni mwa Bwawa

6 Februari

Shemeji,

Salamu kwako, na kwa hayo masikio yako yaliyogoma kusikia simu. Ningekupigia, lakini mara ya mwisho nilikuuliza hali ukanijibu bei ya ndoana, kwa hiyo naona karatasi itatufaa zaidi. Kikohozi kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mgongo. Huo ndio pensheni yangu ya kupiga pasi mashuka ya hospitali maisha yote.

Shemeji, siku nyingine nazimudu. Jumamosi ndiyo inanishinda. Tangu mdogo wako atutoke mwaka juzi, Jumamosi ikishaingia humu ndani asubuhi haitoki. Zamani alikuwa anabeba fimbo yake kwenda bwawani, nami nabaki nanung'unika kwamba nimeolewa na kambare. Leo nimnung'unikie nani?

Basi juzi nimeishusha ile fimbo kutoka juu ya kabati. Imejaa vumbi, na rili yake, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, inasaga kama imekula mchanga. Nimeamua nitakwenda bwawani mwenyewe. Wewe umeuza vifaa vya kuvulia tangu ujana wako, niambie nianzie wapi. Bora zaidi, njoo unionyeshe. Chumba cha wageni kipo. Mtu wa kukaa naye ukingoni ndiye sina.

Nisalimie duka.

Shemeji yako

20 Februari

Shemeji yangu wa pekee,

Hujambo wewe na mgongo wako? Barua yako nimeisoma dukani nikacheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye, akaondoka. Kikohozi kimepoa.

Tuje kwenye kazi. Ipinde fimbo polepole mbele ya sikio lako, maana langu halifai. Ukisikia kitu kinalia ndani, usiende nayo popote. Kisha chukua pamba uipitishe kwenye vile vipete vinavyopitisha mshipi, kimoja kimoja. Pamba ikinasa, hapo pana ufa, na ufa huo utakula mshipi wako. Rili ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, iache ikauke kivulini, itie mafuta kidogo. Mshipi wenyewe utoe wote, utupe. Nailoni iliyokaa juu ya kabati tangu mwaka juzi imekufa, hata kama bado inang'aa.

Kuja ningependa sana, ila mwezi huu nahesabu mali dukani. Tuvute subira kidogo.

Ni mimi, shemeji yako

9 Machi

Shemeji,

U hali gani? Mimi sijambo, ila mimi na rili hatuongei.

Uliandika kitambaa chenye maji baridi. Nikasema moyoni, huyu mwanamume usafi haujui. Nikailoweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga kutwa nzima, kama shuka la wodini. Ikatoka inametameta. Kuizungusha, ikapiga ukelele hadi jirani yangu, fundi cherehani, akaja kuuliza nimemfanya nini paka. Ukaandika tena "mafuta kidogo", bila kusema mafuta gani. Nikatia ya kupikia. Kulipokucha sisimizi wameshahamia humo na jamaa zao wote.

Lakini Jumamosi nilikwenda hivyo hivyo. Nilikaa kwenye ule ukuta wa zege, karibu na mzee mmoja wanayemwita Mkaguzi, maana haongei na mtu, kazi yake ni kukagua ndoo za wenzake. Ndoo yangu aliikagua akaguna. Sikupata hata wa kumwonjesha paka. Ila saa zilipita, shemeji. Zilipita zenyewe bila mimi kuzisukuma.

Mshipi sikuutoa. Mdogo wako aliuzungusha kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyemshikia bobini. Usiniambie tena habari ya kutupa.

Umemaliza kuhesabu mali? Nimeshatandika kitanda cha wageni.

Shemeji yako

25 Machi

Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Mimi nimechechemea hadi posta kwa sababu yako.

Nimeletewa rili zilizoangukiwa na matofali. Nimeletewa moja iliyokanyagwa na ng'ombe. Iliyofuliwa kwa sabuni, wewe ndiye wa kwanza. Sasa nisikilize. Fungua skrubu za ubavuni. Kila kipande kinachotoka kipange juu ya taulo kwa mfuatano wake, na fundi cherehani asije kupiga chafya hapo. Sugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, kausha. Kwenye meno ya ndani weka grisi kiasi cha punje ya mchele, si kijiko. Kwenye beringi, tone moja la mafuta ya cherehani. Jirani yako atakuwa nayo.

Na kila ukimaliza kuvua, legeza breki. Breki ni kile kifungo cha juu kinachoamua samaki avute mshipi kwa shida au kwa raha. Ukikiacha kimekazwa wiki nzima, visahani vyake vinagandana, na siku ya samaki mkubwa haviachii.

Kuhusu mshipi sitabishana nawe. Nimesema, basi.

Safari imekwamishwa na goti. Labda baada ya mvua.

Shemeji yako

14 Aprili

Shemeji,

Pole na goti. Mimi afya ipo.

Mshipi umekatika. Alikuwa kambare, Mkaguzi kasema, na Mkaguzi hasemi ovyo. Alivuta mara moja tu, ukakatika karibu na ncha ya fimbo kama uzi wa kushonea. Nililia pale pale mbele za watu, mtu mzima mimi. Mkaguzi akakigeuza kiti chake kuangalia upande wa pili ili nilie kwa nafasi. Uliobaki nimeutoa nikiwa nyumbani. Sikuutupa kwenye takataka, na usiniulize nimeuweka wapi.

Nimetia mpya, rili nimeitengeneza ulivyosema, na Jumamosi hii nikapata perege. Mdogo, anatosha kiganja. Nilimkaanga nikamla peke yangu hapa mezani. Samaki wa kwanza maishani mwangu, na hakuna wa kumwambia "ona".

Kwa hiyo nataka kununua fimbo ya pili, iwe yako ukija. Maduka ya hapa yanauza za kila rangi, na mimi nitapigwa mchana kweupe. Nichague ipi ambayo si ghali na si takataka?

Shemeji yako

30 Aprili

Shemeji mvuvi,

Hongera ya perege! Hapa dukani nimemtangazia kila aliyeingia. Goti limepata nafuu, nashukuru.

Swali lako limenikuna ninapowashwa. Kwanza, zipite zile fimbo zinazoingiana kama antena ya redio. Zinavutia kwa kuwa zinaingia kwenye mkoba, lakini mchanga nao unaingia kwenye maungio. Chukua ya vipande viwili. Muuzaji atakusifia kaboni. Ni nyepesi, kweli, ila ya bei nafuu ukiigonga ukutani inapata ufa usioonekana, unakuja kuonekana siku ya samaki. Wewe chukua ya faiba. Ni nzito kidogo lakini inavumilia watu wa zege.

Rili isiwe kubwa. Ifunge kwenye fimbo, kisha weka kidole kimoja chini yake. Fimbo ikitulia bila kuangukia mbele wala nyuma, hizo zimepatana. Usidanganywe na hesabu ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Nimeuza hayo maboksi, nayajua. Shika mkono wa kuzungushia uutikise. Ukicheza kushoto na kulia, irudishe kwa heshima. Kisha legeza breki kidogo uvute mshipi kwa vidole. Utoke taratibu, usitoke kwa kushtukashtuka kama gari la mwanafunzi wa udereva.

Kagua vipete kwa pamba hapo hapo dukani, hata wakikucheka. Na chochote utakachokipenda, usikishike kwanza. Shika cha pembeni yake. Muuzaji anatazama macho yako.

Ubaki salama.

Shemeji yako

1 Juni

Shemeji,

Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno.

Nimenunua. Ya faiba, ya kijani, vipande viwili, na rili ndogo isiyocheza mkono. Muuzaji alipoona nimetoa pamba kwenye mkoba akaniuliza kama ni mwuguzi. Ilitulia kwenye kidole, shemeji. Nilifurahi kama mtoto, nikatamani ungeona.

Uliniandikia kurasa mbili za fimbo na hakuna hata mstari mmoja wa kuja. Nimezisoma mara mbili nikiutafuta.

Kila Jumamosi naitega yako kando ya yangu. Watu wanadhani nina tamaa. Mkaguzi ameshahamia kwa mwanawe, pale ukutani nimebaki na kiti chake. Na huyu binti yako, maana ni wako pia, amenishikia bango nihamie kwake. Huko aliko maji ni ya bomba tu, na nyumba ziko moja juu ya nyingine. Nimemwambia angoje kwanza, kuna mtu namsubiri.

Sikuombi uhamie hapa, wala sikuombi unitunze. Nataka mtu aliyempenda mdogo wako aje akae pembeni yangu. Ukija, nabaki. Usipokuja, mwezi wa saba nafunga nyumba naenda. Ninachoomba ni jibu moja la kueleweka.

Shemeji yako

22 Juni

Shemeji,

Nimeona barua yako. Natumaini unalala vizuri.

Pamoja na hii pokea kikopo cha grisi. Hiyo ya madukani kwenu inaganda kukiwa na baridi. Fimbo zihifadhi zikiwa wima, zisiegemee ukuta kwa mshazari, zitapinda.

Jambo lile lingine nimeliandika na kulichana, nikaandika tena. Shemeji, si goti. Wala si kuhesabu mali, duka lenyewe lina mali gani. Huyo mdogo wangu mimi ndiye niliyemfundisha kufunga ndoana, akiwa bado anavaa kaptura zangu kuukuu. Tangu siku ya mazishi sijakanyaga hapo, na nikiufikiria ule ukuta bila yeye, miguu inakataa. Naogopa. Nimeshasema.

Nipe muda kidogo.

Shemeji yako

18 Julai

Shemeji,

Salamu, na asante kwa grisi. Ni nzuri kweli, haigandi.

Sina hasira nawe, hilo lijue kwanza. Umenifundisha kazi nisiyoijua, na kwa barua tu, na umenichekesha katika nyumba ambayo haikuwa na kicheko. Lakini muda unaoniomba mimi sinao. Wewe unaogopa kuja kukuta hayupo. Mimi naamka kila siku nakuta hayupo, na nilichotaka ni kwamba siku moja tukute hayupo tukiwa wawili.

Jumamosi iliyopita nilikusubiri hadi jua likazama, nikakusanya fimbo zote mbili nikarudi. Njiani nikajiambia inatosha. Kesho binti yako anakuja na gari.

Fimbo nimezifuta, breki nimezilegeza, ziko wima nyuma ya mlango. Ufunguo na anwani ya huko niendako nimemwachia fundi cherehani. Usijilaumu. Kula vizuri, na mwambie daktari ukweli kuhusu masikio.

Shemeji yako

23 Julai

Shemeji,

Leo sijui nianze na salamu gani. Nakuandikia nikiwa barazani kwako.

Nilifika Ijumaa. Nikabisha hodi, nikabisha tena, nikasema labda unajibu na mimi sisikii. Mwisho akatoka fundi cherehani na futi yake shingoni, akanieleza kwa kupaza sauti, mtaa mzima ukasikia, kwamba uliondoka juzi yake. Ameniambia pia kwamba umeniandikia. Tumepishana njiani, mimi na barua yako. Sasa hivi itakuwa imelala sakafuni kwenye duka langu nililolifunga, nami niko hapa, sijui umeniambia nini humo. Kama ni maneno makali, una haki nayo.

Sikukuarifu kwamba nakuja kwa sababu nilijua nikiahidi nitashindwa. Hata kwenye basi nilishuka mara moja na begi langu, kondakta akanitazama, nikapanda tena.

Jana Jumamosi nilikwenda bwawani. Nilizitega fimbo zote mbili, nikakaa ukutani. Hayupo, shemeji. Nilidhani nitaanguka pale, sikuanguka. Nikakumbuka alivyokuwa akikibembeleza chambo kabla ya kukirusha, nikageuka nikwambie, na hapakuwa na mtu. Nikaendelea kukaa hadi jioni. Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unaniandikia tangu Februari, nami nakujibu habari za grisi.

Rili zako nimezifungua kukagua kazi. Nimetafuta kosa la kukusuta nalo, sijaliona.

Anwani ya kwa binti yetu nimepewa, ndiko naipeleka hii. Mwambie baba yake mkubwa anamsalimu, na asikukasirikie ukitaka kurudi. Ukiona huko umeshapata utulivu, niambie pia, nitaelewa, nitafunga mlango vizuri niende. Ila kwa sasa siondoki. Fundi ameniachia ufunguo, na kitanda cha wageni nimekikuta kimetandikwa.

Ukijibu, usitume dukani. Tuma hapa, kwa anwani yako mwenyewe. Nipo.

Shemeji yako