Macho ya Mzee Polycarp na Madirisha Niliyoyafungua

Mpendwa Bi Sitara,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi tarehe 19 mwezi huu, kwa kuwa siku hiyo mtu aliyenifundisha kazi anapanda basi la Moshi asirudi tena, na anaondoka kwa kosa ambalo si lake, ni langu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne, na ni mhunzi katika karakana ya ushirika hapa Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mkuu wetu wa kazi ya moto nitamwita Mzee Polycarp, ingawa si jina lake, mtu wa Kilimanjaro mwenye miaka sitini na miwili, ambaye sifa yake kubwa ni tindo za chuma wanazotumia waashi kukatia mawe na zege, na mwashi akipata tindo ya mzee huyu hamwazimi mtu. Karakana tuliachiwa na mwenyewe wa zamani, Bwana Ravindra, alipoacha kazi, pamoja na vyombo vya kizamani vilivyokuwa vimelala na kutu, na mwezi wa Novemba nilijitolea kuvifufua, nikaliloweka jiliwa la kubania chuma kwenye mafuta ya taa siku sita mpaka likakubali kufunguka, nikalisugua kwa msasa hadi meno yakaonekana, nikatengeneza mashine ya kutobolea na feni ya mkono inayopuliza moto, vyote nikavipaka rangi ya kijani, na kila kazi nikaiandika na tarehe yake katika shajara yangu, kama ninavyofanya kila siku tangu shuleni.

Kosa langu ni la Jumamosi tarehe 18 Januari. Wageni wa wilaya walikuwa waje Jumanne kukagua, nami nikaona ni aibu vyombo vizuri namna ile kukaa gizani, nikang'oa mbao zilizoziba madirisha mawili, mbao alizozipigilia Mzee mwenyewe miaka mingi iliyopita, kisha nikapaka kuta zote chokaa. Mzee alisimama mlangoni akasema mahali pa moto pana giza lake, nami, Bi Sitara, mbele ya wenzetu wote nikamjibu, "Mzee, giza ni ujinga, na siku hizi ujinga tunaufuta." Watu wakacheka, yeye akarudi kwenye moto wake. Wageni walipokuja walinisifu, wakanipiga picha mkono wangu ukiwa juu ya jiliwa, na baadaye nikaletewa cheti.

Tangu wiki ile tindo za Mzee zikaanza kupasuka. Mwashi mmoja, Shaibu, alirudisha tatu zimekatika ncha, akazimwaga mezani akauliza, "Mzee wangu, siku hizi unafua chuma au unaoka biskuti?" Zamani Mzee angemrudishia neno la kumtoa nje, lakini siku hiyo aliokota vile vipande kimoja kimoja, akavitazama karibu na pua. Februari alianza kuniomba nimsomee gazeti. Tarehe 10 Machi aliniita pembeni akaniambia, "Macho yameniaga, kijana. Mhunzi asiyeona rangi ya moto ni mpiga kelele tu." Akamweleza mwenyekiti wetu, Bwana Abbasi, kwamba anarudi nyumbani, na kwamba mimi nishike nafasi yake. Mkewe, Mama Josepha, anashangaa, maana anasema mpaka leo ni huyo huyo mumewe anayemtungia uzi kwenye sindano.

Jumatatu tarehe 17 Machi ilinyesha mvua kubwa, wingu likafunga, karakana ikawa giza mchana, na Mzee akafua tindo nne, zote zikatoka nzima. Akasema Mungu amemhurumia kwa siku moja. Nilipokuwa naandika katika shajara "mvua, giza, tindo nne nzima," mkono ulisimama. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikaona kwamba kabla ya 18 Januari hakuna tindo hata moja iliyorudishwa, na baada yake zimerudi kumi na saba. Jumapili tarehe 23, baada ya misa, niliingia karakana peke yangu, nikaziba madirisha kwa magunia, nikachoma chuma nikauona wekundu ule alionifundisha, kisha nikatoa magunia, na chuma kile kile, moto ule ule, kikaonekana kama bado hakijaiva. Ndipo nikaelewa kwamba kwenye mwanga Mzee anadhani chuma bado, anakiacha motoni kikapitiliza, na kikiingia majini kinapasuka. Macho yake ni mazima.

Nilirudisha magunia kwa kusingizia jua, lakini Bwana Abbasi akayatoa, akasema karakana ya mfano haivai magunia. Nikisema ukweli, nitakuwa mtu aliyepewa cheti kwa kuharibu kazi, huenda na nafasi ninayopewa nikaikosa, na Mzee atajua kwamba nilimdharau kisha nikanyamaza. Nisiposema, anaondoka akijiona kipofu. Je, nimwandikie barua akishafika kwao? Au nizibe madirisha kimya kimya akiondoka, halafu nimwite arudi ajaribu?

Mhunzi Msaidizi, Kariakoo
5 Aprili 1975

JIBU

Ndugu Mhunzi,

Pole. Mtu aliyeloweka jiliwa siku sita hakutaka kuharibu kitu, na kosa lako la Januari lilitokana na kuipenda karakana. Hilo mimi nalielewa, na naamini hata Mzee atalielewa.

La tarehe 23 Machi ndilo gumu. Siku hiyo ulijua. Leo unaposoma haya ni Aprili 15, na mzee wa watu amekuwa akiingia kazini kila asubuhi akijiona si mtu tena, nawe umekaa hatua tatu kutoka kwake na jawabu mfukoni. Katika shajara yako umeziandika namna gani siku hizo?

Usimwandikie barua. Uliyemfanyia kiburi ana kwa ana, humwombi radhi kwa posta. Na hilo la kuziba madirisha kimya kimya liache kabisa. Hata tindo zingetengemaa, yeye angeendelea kuogopa macho yake, akingoja siku yatakapomsaliti tena. Anachohitaji ni kujua.

Unaogopa kukosa nafasi yake. Kijana, umefanya kazi na mtu huyu, ukaona mbao alizozipigilia kwa mkono wake, na hukumwuliza hata siku moja ni za nini. Mwenye hali hiyo bado ana shule mbele yake, na mwalimu anaondoka Jumamosi. Hasara kubwa kwako ni ipi, nafasi au mwalimu?

Basi fanya hivi. Leo leo nenda nyumbani kwake, na Mama Josepha awepo asikie. Beba shajara, kwa kuwa mzee aliyekata tamaa atadhani unamliwaza tu, na tarehe hazibembelezi mtu. Kesho asubuhi zibeni madirisha pamoja, afue mbele ya wale wale waliocheka, nawe useme kwa sauti kwamba ulikosea. Useme "nilikosea", usiseme "tulikosea". Bwana Abbasi akilalamikia magunia, mwonyeshe zile tindo kumi na saba, aseme ipi kati ya hizo ni ya mfano.

Baada ya hapo, akitaka bado kwenda kwao kupumzika, ni haki yake, msindikize kituoni. Lakini aende kwa kuchagua.

Majina nimeyabadilisha, ila madirisha sikuweza kuyabadilisha, na gazeti hili linasomwa Kariakoo nzima. Usikubali asomewe haya kabla hajasikia kwako. Ukifika, mwamkie, na akiitikia tu, hata kabla hajakupa kiti, mwambie, "Mzee, macho yako ni mazima." Maelezo yako na aibu yako visubiri. Yeye amesubiri maneno hayo tangu Januari.

Bi Sitara