Kilo Zilizobaki Garini

Jumamosi, 5 Julai
Leo zulia la gari. Kilo nne na robo, na nusu yake naamini ni mchanga. Nimelipima ghalani baada ya wakulima kuondoka, kwenye mizani ileile ninayopimia mbata zao. Kiti cha nyuma kilitoka wiki jana: kilo kumi na tisa. Tairi ya akiba na jeki: kumi na nne. Kisahani cha majivu ya sigara hakikufika hata kilo moja, nacho nimekitoa. Mimi mwenyewe sivuti.
Mashindano ni tarehe tatu Agosti, kwenye barabara ya mashamba ya chumvi kule Gongoni. Mita mia nne, gari mojamoja, saa ndiyo hakimu. Mwaka jana Starlet yangu ilitumia sekunde 17.4. Mwangi, muuza vifaa vya ujenzi pale Kilifi, alitumia 17.1. Mwaka mzima ananisalimu kwa nukta hizo tatu. "Habari ya nukta, mzee?" Hata mbele ya wateja wake.
Nataka jambo moja tu. Mimi nishike usukani, Mwangi asome saa yangu, anyamaze.

Jumanne, 8 Julai
Malindi, kwa Fundi Athmani. Filta mpya, ekzosi mpya, plagi mpya. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho muda mrefu. Nikamwomba nami nisikilize. Ajabu. Ndani mna vishindo vinne, kila kimoja na tabia yake. Ningekaa pale mpaka adhuhuri.
Nikamuuliza tupunguze nini tena.
"Bwana, gari hili limeshakonda kama mgonjwa," alisema. "Lataka nini tena? Mimi sioni cha kukata."
Kisha akanitazama juu mpaka chini, akacheka, akaenda kunawa mikono. Sijui alicheka nini.

Jumamosi, 12 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye ile barabara ya kiwanda kilichofungwa. Imenyooka, haina mtu, inaishia getini. Nilipima mita mia nne kwa utepe, nikachomeka fito mbili. Mke wangu Kadzo alisimama kwenye ufito wa mwisho na simu. Nikiwasha taa anaanza kuhesabu, nikipita anabonyeza. Ni mwalimu wa chekechea, hachoki kurudia jambo.
17.2. 17.1. 17.3. 17.2. 17.1.
Sielewi. Nimetoa karibu kilo arobaini na nimebadilisha ekzosi, halafu napata nukta mbili tatu tu? Nyingine zimekwenda wapi? Upepo? Leo kusi ilikuwa mgongoni. Petroli? Tangi lilikuwa robo. Kuna kitu kinanishika shati.
Usingizi haupatikani mtu akiwa na swali kama hili. Nalipenda kidogo swali lenyewe, nikisema kweli.

Jumamosi, 19 Julai
Nimepata wazo la mpima mbata. Ukiitilia mizani shaka, huipunguzii kitu. Unaiongezea jiwe ambalo uzito wake unaujua.
Basi nikaazima magunia mawili ya mbata ghalani, kilo hamsini kila moja. Gunia moja nyuma: 17.4. Mawili: 17.7. Nikatoa moja: 17.4 tena. Nikatoa yote: 17.1.
Gunia moja, nukta tatu! Nukta tatu za Mwangi! Nilicheka peke yangu garini na mafuta ya nazi yakinuka kila mahali. Nimeishi miaka arobaini na sita bila kujua kwamba gunia la mbata linaweza kupimwa kwa saa.
Nikamweleza Kadzo, nikichora kwa kijiti mchangani. Akasikiliza mpaka mwisho.
"Na aliyeshika usukani," akauliza, "ana magunia mangapi?"
Nilinuna mpaka nyumbani.

Jumatatu, 21 Julai
Asubuhi chai kavu.
Saa nne mahamri mawili.
Saa sita nimekubali kwamba siku kumi na tatu hazimkondeshi mtu. Wali.

Jumatano, 23 Julai
Nimepima watu wa hapa Tezo miaka ishirini. Magunia yao, namaanisha. Akilalamika mkulima kwamba namwibia, huwa namwambia mizani haina mjomba. Leo vibarua walipoondoka nilifunga mlango wa ghala nikapanda mwenyewe. Mara ya kwanza.
Mia moja na kumi na nane.
Nikashuka. Nikavua viatu na mkanda, nikatoa funguo mfukoni, nikapanda tena. Mia moja na kumi na saba. Wakulima wangapi nimewacheka kwa kukung'uta magunia yao hivyohivyo.
Kadzo ana hamsini na tatu, najua kwa kadi yake ya kliniki. Tofauti ni sitini na nne. Hilo ni zaidi ya gunia, karibu nukta nne. Toa nukta nne kwenye 17.1 unapata 16.7. Nimerudia hesabu mara tatu, jibu ni lilelile. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Kisahani cha majivu nilikitoa kwa ajili ya nini?

Jumamosi, 26 Julai
Nimemwomba Kadzo aendeshe. Nilimwambia ni kwa uchunguzi tu. Nami nikasimama kwenye ufito na simu.
Yeye alipata leseni kabla yangu. Hili silisemi ghalani.
17.6.
Nilifurahi. Ni aibu kuandika lakini nilifurahi, nikampigia makofi kama mtu anayemliwaza mtoto. Anabadilisha gia mapema, kwa upole, kama amebeba trei ya mayai. Hakuomba kurudia.
Njiani nikamuuliza kama alikuwa akijua jambo la uzito.
"Tangu mwaka jana, Baba Mbodze. Ungenisikia?"
Nisingemsikia.
Sasa swali ni jingine. Hesabu inasema 16.7, yeye amepata 17.6. Ama hesabu imekosea ama Kadzo analionea gari huruma. Hesabu haijakosea, nimeirudia.

Ijumaa, 1 Agosti
Nimejaza fomu. Mahali pa dereva nimeandika jina langu, kwa herufi kubwa. Vibarua wote wa ghala wanakuja na pikapu kunitazama. Kadzo ameisoma, akaenda kuanika shati langu jekundu.


Jumapili, 3 Agosti
Kanisa limetukosa. Mungu atusamehe.
Gongoni, chumvi imerundikwa pande zote mbili za barabara, nyeupe mpaka macho yanatoa machozi. Nilidhani ukaguzi ni kutazama breki na mikanda. Kumbe mwaka huu kila gari linapitishwa kwenye mizani ya malori ya chumvi, dereva akiwa ndani, na tarakimu zinatokea kwenye ubao mkubwa ili kila mtu aone. Mwangi alipita kabla yangu, mwembamba kama ufito, akitabasamu.
Nikapanda mimi. 890.
Niliutazama ubao. Mizani nzuri sana, haitikisiki. Nikashuka, kwa udadisi tu, naapa. 770. Vibarua wangu walikuwa wameegemea pikapu yao na wote wakageuka kunitazama. Ningeweza kurudi ndani na ingekwisha hapo. Lakini nimewaambia watu miaka ishirini kwamba kilichosemwa na mizani kimesemwa. Nikamwita Kadzo aingie.
820.
Nikaenda kwa karani nikamwomba abadilishe jina la dereva. Akauliza sababu. Nikamwonyesha ubao.
Kila gari lilipewa zamu mbili. Zamu ya kwanza Mwangi alipata 16.9. Kadzo, 17.5.
"Rudisheni mzigo!" kibarua mmoja akapiga kelele, na pikapu nzima ikacheka.
Nilitaka kiti changu. Sheria iliruhusu. Nilitembea mpaka garini, nikaweka mkono kwenye mlango. Kadzo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.
"Ukitaka, shika wewe," alisema. "Lakini niambie kwanza nakosea wapi."
Hakuna mtu mwingine pale aliyejua. Athmani alikuwa Malindi. Nami nilijua vizuri, tangu siku ile ya ufito. Ningesema sijui, ningeingia mimi, ningepata 17.1 yangu na heshima yangu, na yeye angeniamini. Nililifikiria hilo. Nimeliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.
"Unabadilisha gia likianza kulia," nikamwambia. "Usilihurumie. Likilia, hesabu moja, ndipo ubadilishe."
"Halitavunjika?"
"Halitavunjika. Nimelisikiliza ndani."
Akaitikia kwa kichwa. Nikaondoa mkono mlangoni.
Kwa miaka sita nimelisikia gari hili nikiwa ndani yake; siku ile ya ufito lilinipita kwa upole tu. Sikuwahi kujua kilio chake kinavyosikika kwa mtu aliye kando ya njia. Bendera ikashuka. Gia ya kwanza likalia, likalia, nikahesabu moja kwa sauti, akabadilisha. Gia ya pili alilishikilia mpaka nikataka kuziba masikio. Likapita mbele yangu dogo, jekundu, tupu, na mke wangu ndani amekunja uso kama anayesahihisha daftari. Hata sikuitazama saa. Nililitazama gari tu mpaka likafika mwisho.
16.7.
Nilipiga kelele. Nilitaka kulia. Pia niliona wivu, wivu wa kweli, wa tumboni. Vyote kwa pamoja, sijui vilipataje nafasi.
Mwangi alirudia akapata 16.8. Akaja, akampa Kadzo mkono, akamwambia, "Mama, hiyo gari umeitoa roho." Kisha akageuka kwangu, akafungua mdomo, akaufunga. Miezi kumi na miwili nimekisubiri kimya kile. Kilikuwa kitamu, lakini kifupi.
Wa kwanza kwenye kundi letu ni kijana wa Watamu, 16.2. Huyo simjui na kwa leo sitaki kumjua.
Kadzo aliendesha mpaka Malindi, akachoka, akanipa usukani. Alilala kabla hatujafika Tezo.

Jumatatu, 4 Agosti
Mvua ndogo alfajiri. Kadzo amekwenda shule kwa miguu, kama kawaida.
Ghalani wakulima walikuwa wachache. Mzee mmoja, mgeni kwangu, aliniuliza kama mimi ndiye mume wa yule mama wa gari. Nikasema ndimi. Nikampimia magunia yake matatu. Hakulalamika.
Jioni nimeketi garini uani, injini imezimwa, nikashika reli ambayo kiti hutelezea. Mahali pangu. Nikakisogeza mbele, jino moja moja, mpaka pale Kadzo anapoifikia pedali ya klachi vizuri. Meno matano. Magoti yangu yaligonga dashibodi. Nimepaka rangi nyeupe kwenye reli, mstari mmoja kwake na mmoja kwangu, na sasa nasubiri ikauke.