Hatua Themanini za Babu

Shikamoo Mama Agnela. Nakusoma gazetini kila Jumapili na sikuwahi kufikiri kuna siku ningekuandikia mimi, lakini hii ni wiki ya tatu chakula hakipiti, darasani niko lakini sipo, na nisipomwambia mtu nitapasuka, kwa hiyo nisamehe kama barua ni ndefu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni Akheri, ila nimepanga chumba Lemara na mwenzangu Nancy kwa sababu ya chuo. Kidato cha nne hesabu nilipata F, na sitaki kukudanganya, ilikuwa F ya haki kabisa. Chuo kilinipokea kusoma diploma ya ununuzi na ugavi kwa sharti kwamba kwanza nikae muhula mmoja kwenye darasa la wale tuliofeli hesabu, ambalo wanafunzi wengine wanaliita wodi, ukipita wanakuuliza umeamkaje mgonjwa. Huko wodini hakuna mwalimu wa kujaza ubao nyie mnakili, tunapewa vijitabu vidogo vinavyoitwa moduli, viko vinane, na kila kimoja kina kazi ya kufanya kwa mikono yako mwenyewe, kupima, kumimina maji, kukata karatasi, kuhesabu magari, halafu ndipo unaandika hesabu inayotokana na kile ulichokiona, na hupewi kijitabu kingine mpaka Madam Violet asaini hicho ulichonacho. Moduli ya kwanza tulipima uwanja wa mpira kwa hatua zetu, kisha tukapima kale kamlima ka nyuma ya jiko la chuo, tukacheka sana, maana kila mtu alipata idadi yake, na hata mtu yule yule akipanda na akishuka hapati sawa. Mama Agnela, niliipenda. Sikujua kwamba hesabu inaweza kunichekesha.

Shida ni moduli ya tano, ya uwiano. Inasema chagua maeneo mawili unayoyafahamu, yapime kwa futi ya utepe, linganisha ukubwa wake, na wenye maeneo wasaini kwamba umepima kweli. Mimi nikajifanya mjanja, nikachagua shamba la baba na shamba la marehemu baba mdogo Hans kwa sababu kila mtu nyumbani anajua ni sawa kwa sawa, nikasema jibu ninalo hata kabla ya kupima, uwiano ni moja kwa moja, nasainiwa nasonga mbele.

Nikueleze. Babu alikigawa kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kwa wanawe wawili kabla sijazaliwa. Kimekaa kama kitambaa kirefu, kinaanzia barabarani kinapanda mlima, upana ni ule ule juu mpaka chini. Baba akapewa kipande cha chini, pale tambarare, baba mdogo akapewa cha juu kwenye mwinuko, na babu mwenyewe na fimbo yake alitembea kuanzia barabarani akihesabu kwa sauti mbele ya wazee wa ukoo, hatua themanini za baba, wakapanda masale ya mpaka ambayo kwetu hakuna anayethubutu kuyang'oa, kisha akaendelea kupanda, hatua themanini za Hans, yakapandwa masale mengine. Hatua themanini kwetu zinatajwa kama sala ya chakula. Baba mdogo alipofariki miaka sita iliyopita, baba, ambaye ni mzee wa usharika na watu wanamheshimu mno, alisimama makaburini akasema mjane asiwe na hofu yoyote, hatua themanini ni hatua themanini.

Basi nilikwenda Jumamosi, baba yuko kikao cha kanisa, nikafunga ncha ya futi kwenye mgomba nikapima peke yangu. Shamba la baba lina urefu wa mita sitini. La mama mdogo, mjane wa baba mdogo, sisi tunamwita Mama Lucky, lina mita arobaini na nane. Nikasema nimekosea, mimi si ndiye yule wa F, nikarudia, ikaja vile vile, nikarudia tena, namba ile ile. Niliporudi Lemara, Nancy akapiga kwenye kikokotoo cha simu akaniambia kwa uwiano ni tano kwa nne, dada, hapa hujakosea kitu. Mama Agnela, ni mara ya kwanza maishani mwangu nimepata hesabu, na namwomba Mungu iwe kosa.

Kwa sababu kama si kosa, masale yamesogezwa, na kama yamesogezwa, ni nani mwingine mwenye faida nayo? Nikimwangalia baba akifunga macho mezani kuombea chakula namuonea huruma na namuogopa kwa pamoja, najiona mwana mbaya kwa kumfikiria hivyo, na nikifikiria watu wa usharika wakijua, mzee wa kanisa amekula shamba la mjane, natamani nisingepima kabisa. Mama yangu neno lake ni moja tu, baba asisumbuliwe, ana presha. Mama Lucky mwenyewe si mtu wa maneno mengi, ila kila mwaka hulalamika kwamba ndizi zake zinaisha mapema kuliko zetu, tumeshamzoea, baba husema mkono wake si wa shamba.

Sasa kibaya zaidi, baba anajenga ukuta. Matofali yameshamwagwa, mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatatu baada ya Jumapili ya mavuno, palepale kwenye masale. Anasema anataka aache mpaka wa kueleweka ili hata akifa tusije tukagombana. Mama Lucky amefurahi, amesema mafundi atawapikia yeye.

Ninazo karatasi mbili ndani ya begi. Moja ina sitini na arobaini na nane. Nyingine nimeandika hamsini na nne kwa hamsini na nne, inapendeza kweli. Zote hazina saini. Zimebaki moduli tatu baada ya hii, na nisipozimaliza muhula huu diploma inaniponyoka. Nilimwomba Madam Violet nikapime sehemu nyingine, akasema ruksa, lakini akaniuliza, "Namba ulizopata zina shida gani?" Nipeleke karatasi ipi mama? Nikapime uwanja wa kanisa nijifanye sijaona? Au niseme, na nikisema, neno la kwanza kwa baba mwenye presha ni lipi?

Mimi,
Mwenye Karatasi Mbili, Lemara

*

Marahaba binti yangu. Barua yako imewaruka wenzake kumi na mmoja wanaosubiri, wakiwemo wawili wenye mabwana wasioeleweka, kwa sababu mabwana watakuwepo hata mwezi ujao lakini msingi ukishamwagwa zege umemwagwa. Pole kwa hofu. Wiki tatu bila kula vizuri si mchezo, anza kwa kula, halafu endelea kusoma.

Karatasi ya hamsini na nne ichane leo. Isikae hata kwenye begi, maana karatasi ya uongo ikikaa karibu siku ya haraka inatumika. Na ungeitumia, ungewapa wazazi wako wasaini uongo wako kwa mkono wao. Aibu!

Sasa tuje kwa baba yako, ambaye umeshamhukumu, umeshamfunga, na umeshawaona watu wa usharika wakimnong'ona, na mzee wa watu hata swali hajaulizwa. Hivi wewe unasoma unachoandika? Umeniambia kwa mkono wako mwenyewe kwamba moduli ya kwanza mlipima kamlima nyuma ya jiko kwa hatua, na kwamba mtu yule yule akipanda na akishuka hapati sawa. Mkacheka. Mistari michache baadaye unanieleza mzee mwenye fimbo anapima tambarare kwa hatua themanini, halafu anaanza kupanda mlima, hatua themanini nyingine. Hukucheka tena?

Mimi sikusoma moduli, lakini nimekaa jikoni hapa Moshono na kalamu. Mita sitini ukizigawa kwa hatua themanini, kila hatua ni sentimita sabini na tano. Hiyo ni hatua ya mwanaume kwenye tambarare. Mita arobaini na nane kwa hatua themanini, kila hatua ni sentimita sitini. Hiyo ni hatua ya mzee anayepanda, ameshachoka, fimbo mkononi, na wazee wenzake wanamsubiri kule juu. Hakuna aliyehitaji kugusa sale hata moja. Babu yako aligawa kwa moyo safi na kwa sauti kubwa, na miguu ikampunja mwanawe bila yeye kujua. Mimi sikuwepo siku ile na siwezi kuapa, lakini kabla hujamuita baba yako mwizi, uliza kwanza mlima.

Kwa hiyo shusha pumzi. Huna habari ya wizi ya kupeleka nyumbani, una habari ya kosa, na kosa linarekebishwa watu wakiwa bado wanasalimiana.

Lakini usifikiri nimemaliza kukugombeza. Nimeisoma barua yako mara mbili nikahesabu. Aibu ya baba imepata mistari, presha ya baba imepata mistari, diploma yako imepata mistari. Mama Lucky, ambaye ndiye mwenye shamba dogo, umempa sentensi moja ya kulalamika na nyingine ya kupikia mafundi. Mwanamke huyu anakwenda kuwasongea ugali watu watakaomjengea ukuta ndani ya haki yake, na wewe unajua, na bado unaniuliza kama uende kupima uwanja wa kanisa! Kapime ukitaka, Madam Violet atasaini, moduli itapita. Ila macho yako yameshaona, hayatarudi kuwa ya jana.

Fanya hivi, na ufanye Jumamosi hii, usingoje ile ya mavuno. Nenda nyumbani mapema. Anza na mama yako, mwonyeshe hesabu ya hatua niliyokuandikia hapo juu, aone kwamba hakuna anayemshtaki mume wake. Ngoja baba anywe chai na ameze dawa zake. Kisha usimhubirie, usimlilie, wala usimwambie "baba tuna shida." Mwambie hivi: "Baba, nina kazi ya chuo, nahitaji mtu wa kushika futi." Hakuna baba wa Akheri atakayekataa hilo, tena atakuambia unaikunja vibaya. Ncha ya pili mpe Mama Lucky. Wewe shika kalamu tu na ufunge mdomo. Mpime chini, mpime juu, baba asome namba kwa sauti yake mwenyewe kama babu alivyohesabu kwa sauti yake. Akishangaa, mwombe atembee hatua themanini kutoka barabarani, halafu atembee themanini za kupanda. Miguu yake itamweleza mambo ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi.

Akikasirika, mwache akasirike, atakuwa amekasirikia namba, si wewe. Usibishane naye. Omba kitu kimoja tu, mafundi wasubiri mpaka wazee wa ukoo waliobaki waje waone. Masale yasogee mita sita au yabaki, hilo ni lao pamoja na Mama Lucky, si la msichana wa moduli ya tano. Akikataa hata hilo, nenda kwa mchungaji wenu kabla ya Jumatatu ile, na umwambie baba waziwazi kwamba unakwenda. Presha yake naijali pia, lakini mtu aliyesimama makaburini akamtoa mjane hofu, nadhani ataumia zaidi akijua baadaye kwamba mlimficha.

Madam Violet mwambie ukweli, kwamba kazi yako itachelewa siku chache kwa sababu saini zake ni nzito. Mwalimu aliyekuuliza namba zina shida gani ataelewa. Na hilo la F liache sasa. Umepima mara tatu peke yako na namba haikubadilika. Yule msichana aliyefeli hakuwa na futi mkononi.

La mwisho. Karatasi yako ikiwa tayari, saini ya kwanza aweke Mama Lucky. Kila mwaka amekuwa akiwaletea jibu hili hili la kwako, kwa kuhesabu mikungu, bila kijitabu na bila mwalimu, na kila mwaka mmemwekea kosa. Mwambie alikuwa amepata.

Mama Agnela